Chumba cha Ain Qasab

Jumapili, 29 Septemba

Mhandisi Luay ametuagiza kwamba kuanzia leo kila badiliko liandikwe kwenye daftari la kazi: nani kabadili nini, saa ngapi, kwa nini. Nimeandika. Kisha nikaona kuna mambo ambayo hayawezi kuingia mle, nikapita kwa muuza vifaa vya shule na kununua daftari hili. Lina picha ya paka kwenye jalada. Mengine yalikuwa ya mabinti wa kifalme, nami nina miaka thelathini na minne.

Kazi yangu ni hii. Ushirika wa wakulima wa zeituni una seva zake hapa Irbid, na vinu ishirini na vitatu vya kukamua mafuta, kutoka milima ya Ajloun hadi karibu na mpaka, vimepanga humo. Kila kinu kina chumba chake. Ndani ya chumba inakaa programu ya foleni: mkulima gani kaleta magunia mangapi, namba yake ni ipi, aitwe lini kwenye simu yake. Mimi ndiye ninayeamua kila chumba kitumie nguvu kiasi gani ya mashine na kikomo chake kiwe wapi, na nani apewe ruhusa ya kuingia. Ofisini wananiita Mwenye Nyumba, ingawa mwenyewe nakaa kwa mama yangu.

Mama aliniuliza zamani vikomo vya nini. Nikamwambia ni kama matangi ya maji juu ya jengo letu. Maji yanakuja mara moja kwa wiki. Asipokuwepo wa kuwawekea watu kiasi, Umm Nidal wa ghorofa ya tatu ataosha mazulia yake yote na sisi wengine tutatayamamu.

"Basi mwanzie huyo Umm Nidal," akasema mama.

Jumatatu, 30 Septemba

Mjomba Haitham, mwenye kinu cha Kafr Luza, kaja kula chakula cha mchana. Mama akapindua sufuria ya maqluba, wali wa nyama wa kupinduliwa, mbele yake kama anayefungua zawadi, na mjomba akasubiri mpaka sahani yake ijae ndipo aseme lililomleta.

"Rudaina, mwaka huu nimefunga mashine ya pili. Ile foleni yako itanitosha?"

"Una kikomo sawa na wenzako wenye vinu vikubwa, Mjomba."

"Nakuuliza kama itanitosha, wewe unanisomea sheria. Mimi mjomba wako au mpangaji wako?"

"Vyote viwili."

"Basi mpangaji anaomba na mjomba anaamuru. Shika lililo jepesi kwako."

"Mpe mjomba wako anachotaka," mama akasema, "wali unapoa."

Alicheka, nami nikacheka. Mtu huyu ndiye aliyenipeleka chuo kikuu kwa pikapu lake majira manne ya baridi, kila asubuhi, kipasha joto kimekufa, akinifunika miguu kwa joho lake la ngozi ya kondoo na yeye akiendesha kwa shati. Hajawahi kunitajia hilo hata siku moja, na hiyo ndiyo shida.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimetafuta mahali pa kumpatia mjomba. Robo ya mashine zote ni akiba ya dharura. Ufunguo wake anao Luay peke yake, na anayeitaka lazima aandike barua ya kueleza kwa nini. Sikutaka kuandika kwamba mjomba wangu kafunga mashine mpya. Nikaangalia ripoti ya matumizi. Vyumba vyote vina uhai kidogo hata wakati wa kiangazi, watu wanapanga, wanajaribu, isipokuwa kimoja. Kinu cha Ain Qasab: sifuri tangu tarehe 7 Juni.

Tarehe 7 Juni ndiyo siku aliyofariki Abu Suhaib. Nilikwenda matangani na mama. Alikuwa mzee mcheshi, mwenye kinu peke yake; mwanawe yuko Doha. Mjane wake, Umm Suhaib, alikaa katikati ya wanawake mikono yake ikiwa magotini.

Jambo sahihi lilikuwa kupiga simu na kuuliza: mtafungua msimu huu au hamfungui? Nikashika simu. Mama akaniuliza nampigia nani, nikamwambia.

"Yumo eda, Rudaina. Utampigia mwanamke aliye edani umuulize habari za mashine? Watasema sisi ni watu gani?"

Kweli. Hata mimi ningeona haya. Nikaweka simu chini. Nikajiambia kinu kisicho na mtu hakifunguki, na namba zinasema hivyohivyo. Nikachukua nusu ya nguvu ya Ain Qasab nikampa mjomba. Kwenye daftari la kazi nikaandika: chumba hakitumiki.

Na kwa kuwa nilikuwa humo, nikafunga akaunti ya marehemu. Ndiyo kanuni: mtu akifa ruhusa yake inaondolewa. Alikuwa mtu pekee mwenye ruhusa katika chumba kile.

Ijumaa, 4 Oktoba

Joto. Vumbi. Hakuna mvua, hakuna zeituni.

Jumatano, 9 Oktoba

Mjomba kajaribu mashine yake ya pili kwa maji matupu. Amenitumia sauti yake inavyonguruma.

Jumatatu, 14 Oktoba

Saa tatu asubuhi simu ya ofisi ikalia, nikaipokea mimi.

"Binti yangu, mimi Umm Suhaib wa Ain Qasab. Jana nimetoka eda. Asubuhi hii nimefungua kinu nifagie, nikajaribu kuingia kwenye hiki kitu chenu, kinanikataa. Neno la siri nalijua, ni siku aliyozaliwa Suhaib. Nimeliandika mara nyingi. Labda naliandika vibaya, macho yangu."

Nikamwambia hakukosea, ile ilikuwa akaunti ya marehemu, Mungu amrehemu, na imefungwa kwa kanuni.

"Aa," akasema. "Mmemfunga."

"Nitakufungulia ya kwako, Umm Suhaib. Naomba jina lako."

"Umm Suhaib."

"Lile la kwenye kitambulisho."

Akacheka kidogo, kama msichana aliyeombwa aimbe. "Wasfiya. Hakuna aliyeniuliza hilo tangu siku ya nikahi."

Nikamuuliza kama kweli atafungua kinu. Akasema atafungua mvua ya kwanza ikinyesha, kama mumewe miaka yote. Suhaib anamtaka Doha, lakini yeye amemwambia ampe msimu mmoja tu. "Nikiweza mwaka huu, nitakaa. Nisipoweza, nitajua sikuumbiwa hili, nitauza nimfuate mwanangu nikakae kwenye kiyoyozi chake. Nataka kujua tu, binti yangu."

Baada ya kukata simu nikaenda moja kwa moja kwenye vikomo nimrudishie nusu yake. Haikuwezekana. Nilikuwa nimeshagawa kila kitu. Ilikuwa ama nimpunguzie mjomba, ama niombe akiba kwa barua, na barua ingenilazimu nieleze nusu ya Ain Qasab ilikokwenda.

Kisha nikajiambia kinu chenyewe kidogo, mjane mwenyewe mgeni, wateja watakuwa wachache. Nusu itatosha.

Jumapili, 20 Oktoba

Bado kukavu. Wakulima wanatazama mawingu na mimi natazama vipimo.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Ilianza alfajiri, ikapiga vizuri hadi adhuhuri, ikaosha vumbi la miezi sita kwenye miti. Mitaani watu wanapongezana. Kesho kila familia itakuwa shambani na kesho kutwa kila gunia litakuwa kinuni.

Alhamisi, 24 Oktoba

Vinu vyote viko wazi. Ain Qasab imeanguka mara mbili, ikasimama yenyewe. Siku ya kwanza haikosi vituko.

Ijumaa, 25 Oktoba

Tumechuma shamba dogo la marehemu baba, mimi, mama na binamu. Kucha zangu nyeusi. Magunia kumi na moja yamekwenda kwa mjomba bila foleni.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mafuta mapya. Mama kapika musakhan, kuku juu ya mkate, na mkate umelowa hadi viwiko vinang'aa. Sikuangalia kazi hata kidogo.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimefika ofisini nikakuta Ain Qasab imeanguka mara kumi na tisa kwa siku tatu.

Niandike wazi, maana kwenye daftari la kazi nimeandika kwa ufupi. Chumba kikipita kikomo cha nguvu kilichopewa, mfumo unaizima programu iliyomo kisha unaiwasha upya. Hivyo ndivyo nilivyoupanga, ili mmoja asiwaangushe wote. Lakini programu hii ya foleni ni ya zamani, namba inazishika kichwani tu. Ikizimwa, inasahau. Ikiwaka inaanza kugawa tena kutoka namba moja. Kwa hiyo Ain Qasab kuna akina namba moja kumi na tisa, kila mmoja ana ujumbe kwenye simu kuthibitisha, na kila mmoja ana haki.

Na wateja si wachache. Wamekuja wote wa Abu Suhaib, kwa heshima yake. Niliwahesabu: mia tatu na kumi na wawili.

Saa nne akapiga.

"Binti yangu, samahani nakusumbua. Hiki kitu kinasahau. Nawaita watu, kinasahau nimewaita."

"Tunaangalia, Umm Suhaib."

"Kuna kitu nabonyeza vibaya?"

"Tunaangalia," nikasema tena, na nikasikia wanaume wanapiga kelele nyuma yake kabla sijakata.

Nilijua tatizo dakika ileile. Nikampigia mjomba, nikamwambia kuna kinu kina akina namba moja kumi na tisa, na nahitaji kuchukua nilichompa, angalau nusu yake.

"Leo?" akasema. "Leo Jumapili ya kwanza ya msimu? Nina malori manane mlangoni, Rudaina. Ukinipunguzia leo nami nitakuwa na namba moja kumi na tisa. Umekuja kuniua?"

"Ni nguvu za Umm Suhaib, Mjomba."

"Kwani mimi nilijua ni za nani? Niliomba, ukanipa. Subiri wiki, msongamano upungue, kisha chukua hata zote. Watu wake wakizidi walete kwangu, sitamkatalia mtu. Au nimewahi kumkatalia mtu?"

Hajawahi. Nikasema sawa, Mjomba. Nikaenda chooni ofisini nikalia kwa aibu, kisha nikanawa uso nikarudi kazini. Mlango wa Luay ulikuwa wazi, yupo ndani anakula sandwichi ya falafeli. Hatua kumi tu. Sikwenda.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mara kumi na nne.

Jumanne, 29 Oktoba

Mara kumi na moja. Ningependa kusema hali imeboreka, lakini ni watu waliopungua.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimeomba ruhusa nikaenda Ain Qasab kwa gari la mama. Nilitaka kuona kwa macho, au nilitaka kuonekana nimekwenda. Sijui.

Uani kulikuwa na magunia yamepangwa hadi ukutani, na watu wamekaa juu yake wakivuta sigara. Harufu niliisikia tangu barabarani. Zeituni zikikaa gunia siku tatu zinaanza kuvukuta. Niliingiza mkono katika gunia moja, ndani kulikuwa na joto kama chini ya kuku anayetamia. Hayo mafuta yatakuwa makali, hayatauzika, yatafaa kupaka bawaba za milango tu.

Umm Suhaib alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mizani, simu mkono mmoja, daftari la shule mkono wa pili, anajaribu kupanga foleni kwa kalamu. Mbele yake amesimama mzee wa kilemba chekundu.

"Umm Suhaib, mimi ni namba tatu tangu Alhamisi. Nimekuwa namba tatu mara tano. Hata darasani sikuwahi kushika nafasi ya tatu, leo unanipa mara tano."

Watu wakacheka. Naye akatabasamu, akasema, "Stahamili, Abu Raed, nakuandika hapa."

"Andika, andika. Abu Suhaib alikuwa hahitaji kuandika. Alikuwa akikutazama tu anajua zamu yako."

"Marehemu alizaliwa kinuni," akasema mwingine kutoka juu ya magunia yake, kijana, si kwa hasira hata, kama anayesema hali ya hewa. "Kinu si jiko, jamani. Tusimlaumu mama wa watu." Akashuka, akaanza kuyabeba magunia yake kuyarudisha kwenye lori. Nikamuuliza anayapeleka wapi. Kwa Haitham, akasema. Pale foleni inakwenda.

Umm Suhaib akaniona. Akasimama, akanishika mkono, akawatangazia: "Huyu ndiye binti wa ofisini. Kaja kututengenezea." Wote wakanigeukia. Nikasema kesho itakuwa sawa.

Umm Suhaib akanivuta hadi nyuma ya mashine ya kukamua, kule kelele inapofunika maneno, akaniambia karibu na sikio:

"Niambie ukweli, wala sitaudhika. Ni mimi? Naharibu kwa kubonyeza? Maana kila wanapojaa ndipo kinapokufa, na wanapojaa mikono yangu inatetemeka. Nimesema labda nagusa kitu."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa na maneno machache sana, na mbele yangu alikuwa mtu aliyeniomba. Nikasema: "Mfumo umezidiwa, Umm Suhaib. Unazidiwa tu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mgonjwa anayeambiwa atapona. Akanipa chupa ya mafuta ya mkamuo wa kwanza niende nayo. Nimeiacha ndani ya gari. Siwezi kuiingiza nyumbani.

Alhamisi, 31 Oktoba

Saa mbili kamili asubuhi nimempunguzia mjomba nilichompa, chote, nimekirudisha Ain Qasab. Sikumpigia kwanza.

Alipiga yeye saa mbili na robo. Sitaandika yote. Alimalizia hivi: "Joho langu ulilivaa miaka minne, Rudaina." Ndiyo mara ya kwanza amelitaja.

Chumba cha Ain Qasab hakijaanguka tangu hapo. Kimesimama imara, kina nafasi tele. Saa nne walikuwemo watu arobaini. Saa nane walikuwa tisa.

Jumapili, 3 Novemba

Hakijaanguka. Watu saba.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua kubwa. Watu wawili.

Ijumaa, 8 Novemba

Mjomba hakuja kula. Mama ameweka sahani yake, akaiondoa. Anapitisha chumvi bila kunitazama.

Jumanne, 12 Novemba

Mmoja.

Jumatano, 13 Novemba

Sifuri.

Jumapili, 24 Novemba

Luay kaweka fomu mezani kwangu. "Mpangaji anaondoka, futa chumba mwisho wa mwezi." Kinu cha Ain Qasab kimeuzwa. Mnunuzi: Haitham, wa kinu cha Kafr Luza. Anachotaka ni mashine tu, atazing'oa apeleke kwake. Jengo litafungwa.

"Pole yake," akasema Luay. "Ila ilitarajiwa, au siyo? Mjane peke yake."

Nikasema, "Hapana, haikutarajiwa." Akanitazama. Nikainamisha kichwa kwenye fomu.

Jumanne, 26 Novemba

Kabla ya kufuta chumba lazima nihifadhi rekodi zake. Leo nimezihifadhi, na nikafanya kosa la kuzisoma.

Tarehe 14 Oktoba, kabla ya kunipigia, alijaribu kuingia kwa akaunti ya mumewe mara ishirini na sita. Siku aliyozaliwa Suhaib, mara ishirini na sita.

Na kuna ubao wa matangazo, ule unaotuma ujumbe kwa wakulima wote. Abu Suhaib alikuwa akiutumia kwa salamu za Idi. Umm Suhaib ameutumia mara kumi na moja, kila mara baada ya programu kuanguka. Nanukuu wa tarehe 27: "Ndugu zangu wakulima, nawaomba radhi. Kosa ni langu, bado najifunza. Nivumilieni kwa ajili ya marehemu." Wa tarehe 29: "Kosa ni langu tena. Mwenye haraka aende anakoona heri, sitakuwa na kinyongo." Wa mwisho ni wa tarehe 30, jioni ya siku niliyokwenda. "Binti wa ofisini amekuja na amesema mfumo umezidiwa. Lakini najua ni mimi."

Nilisoma huo wa mwisho nikajiona mchafu. Nilidhani nimemnyang'anya kinu. Kumbe nimemnyang'anya jibu alilolitaka. Alitaka kujua kama anaweza, akapewa jibu la uongo, na jibu hilo nililiandika mimi tarehe mosi Oktoba kwa kuona haya kupiga simu.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimekwenda baada ya sala ya Ijumaa. Nyumba imejaa makasha. Akanikaribisha kwenye godoro karibu na jiko la mafuta ya taa, akanimiminia kahawa, nami nikaipokea nikaiweka chini mbele yangu bila kuionja.

Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake. Mgeni mwenye ombi haonji kahawa mpaka mwenye nyumba amwambie: kunywa kahawa yako, umepata. Akaitazama finjani, akanitazama mimi.

"Una haja," akasema.

Nikamwambia yote. Ripoti ya kiangazi, mjomba, mashine ya pili, nusu. Kwamba sikupiga simu kwa sababu alikuwa edani. Sikulia, maana nilijizuia. Niliona kulia pale ni kumwomba anibembeleze.

Akachukua kitambaa akakikunja, akakikunjua.

"Kwa hiyo sikubonyeza vibaya."

"Hukubonyeza vibaya hata mara moja, Umm Suhaib. Ungepewa haki yako, kinu kingekwenda. Watu mia tatu walikuja."

"Mia tatu," akasema. "Nilidhani mia." Kisha: "Ulijua lini?"

"Jumapili. Siku ya nne."

"Jumapili nilikuwa bado na watu wote uani."

"Ndiyo."

"Na Jumatano ukaja mwenyewe. Nikakupeleka nyuma ya mashine. Nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza, Rudaina." Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina.

Akaniambia Suhaib kesho kutwa anakuja kumchukua. Alimpigia mwanawe mwenyewe, akamwambia: watu wamenikataa, mwanangu, sikuumbiwa hili, njoo. Suhaib alifurahi sana. Amemtayarishia chumba, amekipaka rangi. "Sasa nimwambie nini? Mashine zimeshang'olewa, na mjomba wako hakunidhulumu, alikuja kwa adabu, alikunywa kahawa yangu akasoma Fatiha tukauziana."

"Nisamehe," nikasema.

Alisema: "Kile chumba changu umeshakifuta?"

"Bado. Jumapili."

"Ubao wa matangazo unafanya kazi?"

"Unafanya."

"Basi kabla hujakifuta, waandikie. Wote mia tatu. Waambie kama ulivyoniambia mimi, na uweke jina lako na la baba yako. Nisije nikafa Doha huku Abu Raed anasimulia kwamba kinu kilinishinda."

Nikasema nitaandika. Akainuka kwa tabu, akishika ukuta, akaenda kutawadha kwa ajili ya alasiri. Nilisubiri. Nilimsikia akiswali chumba cha pili, kisha nikasikia akivuta utepe kwenye makasha, kasha moja, jingine. Kahawa ilikuwa imepoa na kufanya utando juu. Hakurudi kuniambia niinywe. Niliiacha palepale nikavaa viatu.

Jumapili, 1 Desemba

Saa nne na dakika tano asubuhi nimetuma ujumbe kwa watu mia tatu na kumi na wawili wa Ain Qasab. Nimeandika kwamba kinu hakikumshinda Umm Suhaib. Kwamba mimi, Rudaina binti Fawzi, nilimpunguzia nguvu ya mashine nikampa mjomba wangu, nikaficha, na yeye alipouliza sikusema kweli. Nikampelekea Luay nakala kabla hajaisikia mtaani.

Saa tano Luay akanivua ruhusa ya vikomo. Alifanya mbele yangu, bila kelele, akaniuliza tu kwa nini sikugonga mlango wake. Saa sita mama akapiga, analia: mjomba amesema hatakanyaga kwetu. Abu Raed alijibu ujumbe kwa neno moja tu, "Tumesoma." Wengine hawakujibu kitu.

Kazi ya mwisho niliyoachiwa ni kufuta chumba. Nikapitia mara ya mwisho kuona kama kuna mtu ndani. Umm Suhaib alikuwa ameingia saa nne na dakika kumi, akakaa kwenye ubao wa matangazo dakika nne, akatoka. Nilingoja hadi saa nane nione kama atarudi kuandika chochote. Hakurudi, nikakifuta.